Kabla hujatupia, sema kwanza unapanda nini

Watu wakiona nimetokelezea swali huwa ni lile lile, umenunua wapi hiyo, na mi huwa naona swali lenyewe limeanzia katikati. Duka sio tatizo, Dar hii nguo zipo mpaka juu ya turubai barabarani. Cha kwanza unaenda wapi, cha pili unapanda nini kufika huko, cha tatu utakaa juani muda gani, nguo inakuja baada ya hapo. Mtu anachukua picha ya mdada wa London kavaa koti refu juu ya sweta juu ya shati, anampelekea fundi, fundi hana neno anashona, alafu siku ya mtoko mwenye nguo anafika kituo cha Morocco hapa hapa Dar mgongo umeshaloa wote na bado hata hajaonwa na mtu wa maana. Nguo imeshonwa vizuri tu, ila safari iliyotengenezewa sio hii ya kwetu.

Mi nakaa Kimara, kwahiyo mambo yangu mengi ya mavazi yanaamuliwa na mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake. Saa za watu unasimama, na ukisimama mkono mmoja uko juu umeshika bomba, hapo sasa ndo nguo inajieleza. Kitop ambacho kwenye kioo kilikuwa kinakutana vizuri na sketi kinapanda mpaka mbavuni, mkono wa gauni uliobana kwapani unaanza kulia kwenye mshono, na kama ulijimwagia pafyumu badala ya kuoga jirani yako ndo wa kwanza kujua. Mi kabla sijatoka nanyoosha mkono juu mbele ya kioo, nageuka mgongo, naangalia nini kimepanda na nini kimeonekana. Nguo ikifeli hapo inasubiri siku ya kufuatwa na gari. Hereni za kuning'inia naweka kwenye pochi nazivaa nikishashuka, maana zinanasa kwenye nywele za watu na kwenye mikanda ya mabegi, na raba nyeupe pee siku ya kubanana naziacha nyumbani, utakanyagwa tu na pole ya mtu haifuti alama.

Boda nayo ina masharti yake. Sketi ya penseli na boda haviendi, labda ukae upande, na kukaa upande kwenye pikipiki na hii foleni ya Mwenge mi siwezi kumshauri mtu. Palazo linakaa vizuri ila kusanya kitambaa chote ukikalie, hivyo hivyo dera, hivyo hivyo ncha za mtandio, kitambaa kinachopepea karibu na tairi ya nyuma kikinaswa sio aibu tena ni ajali. Alafu bomba la moshi, ukivaa kigauni kifupi ukaligusa wakati wa kushuka unaondoka na kovu kwenye shavu la mguu, wadada wa mjini wengi wanayo na wote wanajua ni ya nini. Habari ya wigi na helmeti sitaiongelea hapa.

Dawa ya karibu yote hayo ni khanga moja kwenye begi. Unajifunga juu ya nguo, unapanda, ukifika unaikunja. Na kazi yake haiishii hapo. Ofisi nyingi za serikali na hospitali pale getini wamebandika picha za mavazi wasiyoyataka, mlinzi anakuangalia kutoka juu mpaka chini, unatoa khanga unajifunga unapita. Upo zako kwenye mtoko Mikocheni simu inaingia kuna msiba kwa shangazi, unaenda moja kwa moja na umejistiri kama ulitokea nyumbani. Mchanga wa ufukwe wa Coco unaitandika unakaa kula mihogo. Mi yangu ni kuukuu, imeshalainika, khanga mpya inakuwa na ugumu wa kiwandani na inachukua nafasi kwenye begi bure.

Ukivuka Kigamboni kwa kivuko kumbuka upepo wa pale Magogoni hauna adabu, sketi ya mzunguko bila taiti ndani usijaribu. Ukienda visiwani, Mbudya au Bongoyo, boti mara nyingi inakushusha kwenye maji ya magotini, kwahiyo raba na jinzi unazionea huruma mwenyewe, vaa ndala au yeboyebo, nguo ya kuogelea ivae kabisa ndani, juu shati kubwa la mikono mirefu jepesi kwa ajili ya jua. Watu wanadhani mikono mirefu ni joto, lakini shati la pamba lililolegea linapitisha hewa na ngozi haiungui, jioni unarudi na rangi yako ile ile.

Tuje kwenye jasho sasa, maana ndo mwalimu mkuu wa mitindo mji huu. Desemba mpaka Machi hata kivulini unatoka jasho, unyevu wa bahari unafanya lisikauke, linakaa tu. Nguo ya polista hapo inageuka mfuko wa nailoni. Shida ni kwamba sokoni kila kitu ni "pamba hiyo dada, pamba tupu", kwahiyo naangalia lebo ndani ya mshono wa ubavuni, isipokuwepo nafinya kitambaa kwenye ngumi, pamba na lineni zinabaki na mikunjo, polista inaachia inarudi kama haijashikwa. Mafundi wana njia ya uhakika zaidi, wanachomoa uzi wanauchoma kiberiti, pamba inaungua inabaki jivu laini na harufu ya karatasi, polista inayeyuka inaganda kidonge kigumu. Usifanye hivyo mezani kwa mtu lakini.

Rangi mbaya kuliko zote kwa jasho ni kijivu, hasa kile cha tisheti. Inafuata bluu ya maji. Tone moja tu linaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Nyeupe inaficha, nyeusi inaficha, bluu ya giza inaficha, na michoro mingi ya kitenge inaficha kuliko zote, nahisi ndo maana mama zetu wanaweza kupika pilau la watu mia wakatoka kupiga picha na hakuna anayejua walikuwa jikoni. Jaketi la jinzi tunaliona tu Juni mpaka Agosti usiku, pale upepo unapopoa, nje ya hapo ni la kubeba kwa ajili ya kiyoyozi cha sinema au cha boti ya Zanzibar, kile cha boti kinagandisha kweli. Masika sina la kusema zaidi ya sketi isifike chini na viatu viwe vya kuosha, anayepita bonde la Jangwani mvua ikinyesha maji yakajaa anaelewa.

Haya, umenunua wapi. Mitumba, nyingi. Karume pale Ilala ndo chuo changu, soko liliungua Januari 2022 na watu wakarudi wakaanza upya, na Tandika, na Manzese, na wale wanaotembeza mabegani mpaka mlangoni. Kuna wakati, 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitaka mitumba iondolewe taratibu ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue, Marekani wakabana kwenye mambo ya biashara, mwisho Rwanda ndo wakabaki na msimamo. Mi nina mawazo mawili kwenye hilo na sijamaliza kuyagombanisha, ila nikiwa pale Karume asubuhi muuzaji kapanda juu ya meza anarusha nguo hewani anaimba bei, siasa yote inaniisha.

Nenda mapema siku wanayofungua robota, lile furushi la mitumba, uliza tu, watakwambia. Vaa taiti na singlendi ili uweze kujaribu nguo palepale juu ya uliyovaa, chumba cha kujaribia hakuna. Suruali ya jinzi unaipima shingoni, unazungushia kiuno chake kwenye shingo, ncha zikikutana bila kuvuta na bila kupishana basi kiunoni itakaa, sio hesabu ya daktari ila inakaribia sana, namba za lebo zisikuchanganye maana kila nchi ina namba zake. Alafu kagua sehemu zinazosema ukweli, kwapa, kola, zipu, katikati ya mapaja, na inua nguo uitazame dhidi ya jua kama ina vitobo. Kwenye bei usiwe na haraka.

"Sista hiyo elfu nane, gredi ya kwanza, nimefungua robota asubuhi hii."

"Kaka'angu hapa kwapani pameshageuka njano, ona mwenyewe."

"Sabuni tu hiyo. Haya lete tano, unanifungulia."

Alama ya jasho la njano kwa uzoefu wangu haitoki kwa sabuni tu, kwahiyo hapo nalipa tatu kama nataka kuikata mikono, nisipotaka kuikata naiacha. Mitumba nachukua mashati ya kiume makubwa, jinzi, blazia nyepesi na mikanda. Chupi na soksi hapana, nanunua mpya Kariakoo. Viatu vya mtumba nachukua vya ngozi, na lazima nikunje soli, gundi iliyokaa miaka stoo inaachia na ukifika katikati ya mtoko kiatu kinafungua mdomo.

Kipya cha kwangu ni khanga na kitenge. Khanga inauzwa doti, vipande viwili, na doti moja ukiipata kwa fundi anayejua inatoa gauni la mtoko jepesi kuliko chochote cha dukani, ni pamba, inavuta jasho, inakauka haraka. Ila mwambie fundi mapema jina likae wapi. Hili nalisema kwa msisitizo. Khanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa pale chini, fundi asiyefikiria anakata tu kufuata kitambaa, unavaa unatoka, unatembea mtaa wa Samora watu wanacheka nyuma yako, kumbe umeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE sawasawa makalioni. Jina linapendeza kwenye pindo la chini la gauni, au mgongoni juu, au ukanda wa kiuno kama ni fupi. Na uchague maneno ambayo uko tayari kuulizwa na mama mkwe.

Kitenge kwa upande wake kinakuja na ugumu, kiloweke maji ya chumvi usiku kucha kabla ya kukipeleka kushonwa, kitalainika, na kama ni cha kusinyaa kisinyae kikiwa bado kitambaa. Mwingine anashona kwanza anafua baadae, gauni linapanda juu ya goti lenyewe. Kitenge cha maua makubwa mi sikivai juu na chini, navaa sketi ya kitenge na fulana nyeupe ya mtumba, au shati la kitenge na jinzi, hapo mjini linakaa, ofisini linakaa, jioni ukiongeza hereni linaenda mpaka kwenye muziki. Kuna watu watakwambia kitenge lazima kiwe na mabega ya kupanda na mkia wa samaki. Hiyo ni ya harusini bana.

Na nikishataja harusi lazima niseme kuhusu sare, maana hapa ndo kabati za wadada wa Dar zilipojaa. Kicheni pati ina sare, sendoff ina sare, harusi yenyewe ina rangi, kamati inapanga, unalipia kitambaa na mchango juu, unashona satini ya pichi ya kufagia sakafu, unaivaa masaa sita, inarudi kwenye hanga inazeeka. Mwaka mmoja tu ukiwa na marafiki wa umri wa kuolewa una magauni ya kufungulia duka. Mi nimeamua kila sare ninayoshona naipangia maisha yake ya pili kabla fundi hajakata. Namwambia anishonee vipande viwili, blauzi na sketi, avifanye vionekane gauni moja. Siku ya shughuli kamati imeridhika, wiki inayofuata blauzi ya satini inaenda na jinzi iliyochakaa na kubazi, sketi inaenda na tisheti kubwa nimeifunga fundo pembeni, na hakuna mtu anayejua hiyo ndo ile ya sendoff ya fulani. Zile ndefu za zamani nazipunguza zifike katikati ya shavu la mguu, kipande kinachobaki kinatoka kilemba au kitambaa cha kufungia mkoba. Satini ni ya jioni tu lakini, mchana inachora jasho vibaya mno. Lesi ni bora zaidi, ukiitoa bitana ukavaa juu ya singlendi na pensi ya jinzi unakuwa na nguo ya ufukweni ambayo dukani wangekuuzia wekundu kadhaa, zile noti za elfu kumi.

Matamasha sasa. Zanzibar kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, lipo tangu 2004 na linakuwa Februari, kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, watu wanajipanga kimavazi kuliko wasanii wenyewe. Mi ushauri wangu ni mmoja, muziki ni usiku ila mchana wote uko Mji Mkongwe, na kule ni mji wa watu na dini yao, mabega na magoti funika ukiwa mitaani. Khanga inafanya kazi, au kikoi, au gauni refu la pamba ambalo usiku unafunga fundo pembeni unaongeza shanga na cheni basi umeshabadilisha. Vichochoro vya pale ni mawe yasiyo sawa, kisigino chembamba utalia. Bagamoyo kwenye tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa, ni mchanga na ngoma na kukaa chini, suruali pana na kubazi, umemaliza. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba nayo wengi wanaichukulia kama shughuli ya sebuleni wakati vile viwanja vya Barabara ya Kilwa ni kutembea kutwa nzima na vumbi na foleni ya geti, Julai jua la mchana lipo na jioni kuna kibaridi, hapo ndo jaketi lako la jinzi linapata riziki, lifunge kiunoni mchana. Na Swahili Fashion Week, yale maonyesho ya mitindo aliyoyaanzisha mbunifu Mustafa Hassanali 2008, ndo sehemu pekee ambayo ukivaa kituko hakuna atakayekushangaa, kwahiyo ukiwa na wazo la kichaa limekaa kichwani, lipeleke huko, na upande taksi.

Kuna jambo la rangi wageni wa mji hawaambiwi. Wiki ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, mavazi yako yanasoma siasa hata kama we hujui ofsaidi ni nini. Nyekundu na nyeupe ni Simba wa Msimbazi, kijani na njano ni Yanga wa Jangwani. Nilishapanda daladala na gauni langu la kijani siku ya mechi, sina timu siku hiyo nilikuwa naenda saluni, konda ananiita "mwananchi", jina la mashabiki wa Yanga, njia nzima, mzee mmoja wa nyuma ananitazama kama nimemfunga yeye. Kama hutaki maswali vaa bluu. Kama unaenda Uwanja wa Mkapa wenyewe basi jezi ya timu yako, jinzi, raba za kufungwa, pochi ndogo ya kukatiza kifuani, pale watu ni elfu sitini na kutoka getini ni msukumano, kitu chochote cha kuning'inia kiache kwenu.

Kaka zangu mnaolalamika kila siku kwamba nawaandikia wadada tu, mambo yenu ni rahisi mno hata sijui mnakwama wapi. Suruali ya kadeti moja ya rangi ya udongo, moja ya bluu ya giza. Shati la kitenge la mikono mifupi, fundi apunguze mabega yawe yako na urefu uishie katikati ya zipu ili livaliwe nje bila kuchomekea. Viatu vya moka vya ngozi bila soksi zinazoonekana. Pensi ya juu ya goti kwa ufukweni, sio kwa kwenda kujitambulisha ukweni, hili nimeona kwa macho. Kapelo moja safi. Kanzu ya Ijumaa ikishapigwa pasi vizuri na raba nyeupe, mtaani hapa Kimara nimeona vijana wametokelezea kuliko wenye suti za mkopo. Na zile suruali na pensi za mabaka mnazozikimbilia Karume, achaneni nazo kabisa, raia hatakiwi kuvaa kitu kinachofanana na sare za jeshi, mwaka 2023 jeshi lenyewe, JWTZ, walitoa mpaka siku saba za kuzisalimisha, na muuzaji anayekuapia kwamba hii ni ya Marekani sio ya kwetu hatakuwepo siku ukisimamishwa Mwenge. Chukua ile kadeti ya pembeni yake, bei mtaongea.